Boksi la kadi za Kihispania, Mtwara: viishio vimekaa sawa, mkazo umefutika

Boksi lenyewe ni la kawaida tu, karatasi ngumu ya kahawia, na juu yake neno moja: Kihispania. Linauzwa shilingi 15,000 katika steshenari moja ya Mtwara mjini. Aliyeko Lindi au Kilwa Masoko hutumiwa kwa basi, na mzigo analipia mwenyewe. Ndani mna kadi 60, bango moja la A3, kijitabu cha kurasa 16, na namba ya WhatsApp ya kurushiwa faili 12 za sauti ukishaonyesha risiti. Linafundisha kitu kimoja: vitenzi vya kawaida vya Kihispania katika wakati uliopita, ule wa jambo lililotokea likaisha. Vitabu vingine huuita pretérito indefinido, vingine pretérito perfecto simple. Ni kitu kimoja, asije mtu akakuuzia vitabu viwili.

Kwa bei hiyo, linafaa. Ila ukilitumia kama lilivyotoka dukani utasema "nalipa" pale ulipotaka kusema "alilipa", na kwa mtu wa mapokezi hotelini Mikindani, jirani na Mtwara, hilo si kosa la kuchekea. Sababu ni uchapaji wa kadi, na inarekebishika kwa kalamu nyekundu na saa moja ya subira.

Tuanze na bango, maana ndilo lililotengenezwa kwa akili. Kitenzi cha Kihispania ukikikuta kwenye kamusi kinaishia -ar, -er au -ir. Unakata herufi hizo mbili, kinachobaki ni shina, unabandika kiishio cha nafsi. Kundi la -ar linachukua -é, -aste, -ó, -amos, -asteis, -aron. Makundi ya -er na -ir yanagawana viishio vilevile: -í, -iste, -ió, -imos, -isteis, -ieron. Basi, hakuna safu ya tatu. Shina limechapwa kwa wino mweusi na kiishio kwa wino mwekundu, na pembeni pamewekwa "a-li-fik-a" iliyokatwa vipande. Hicho kimchoro kina faida kuliko kijitabu kizima. Sisi tumezoea nafsi ikae mwanzoni na wakati ukae katikati, kila kimoja na chumba chake. Mhispania amevirundika vyote mkiani: ile -ó ya llegó ndiyo inayosema "yeye" na ndiyo hiyohiyo inayosema "imekwisha". Anayeitafuta "li" humo ndani atatafuta mpaka kesho.

Bango lina dosari mbili. Ya kwanza, kila mstari umeanza na kiwakilishi: yo hablé, tú hablaste, él habló. Mwanafunzi hukariri na yo yake, akifungua mdomo anakuwa kama mtu anayesema "mimi nilifika, mimi nilikula, mimi nililala". Kihispania hakidai kiwakilishi hicho kama ambavyo Kiswahili hakidai "mimi". Kiishio kinatosha, na yo huwekwa pale unapotaka kusisitiza kwamba ni wewe na si mwingine. Funika safu hiyo kwa kipande cha karatasi tangu siku ya kwanza.

Ya pili ni nzito zaidi. Mstari wa tatu umeandikwa "él / ella" peke yake, na wa sita "ellos / ellas". Usted na ustedes hazimo kabisa. Mgeni mtu mzima anaitwa usted, na usted hutumia umbo la "yeye", si la "wewe". Kumuuliza mzee wa miaka sabini ¿Llegaste bien? (ulifika salama?) ni kama kumkuta babu barazani ukamwambia "mambo". Unasema ¿Llegó bien?, ¿Comió bien? (ulikula vizuri?), ¿Descansó? (ulipumzika?) Wakiwa wengi: ¿Llegaron bien? Chukua kalamu, uandike usted kwenye mstari wa tatu na ustedes kwenye wa sita. Mstari wa tano, wa vosotros (ninyi), ni wa Hispania. Amerika ya Kusini na Meksiko wote hutumia ustedes, na Mhispania mwenyewe ukimwita ustedes ataona umemheshimu. Kwa hiyo anayepokea wageni anaweza kuuacha mstari wa tano uje baadaye.

Sasa kadi. Mbele kuna kitenzi na maana yake kwa Kiswahili, nyuma kuna maumbo sita. Bango limechapwa rangi, lakini kadi ni fotokopi iliyotolewa kwenye fotokopi, na kilichopotea njiani ni vile vimkwaju vidogo vinavyokaa juu ya irabu, yaani alama za mkazo. Kwenye boksi moja utaziona kwa mbali, kwenye jingine hazipo kabisa. Ungedhani ni mapambo. Katika wakati huu ndizo zinazobeba maana. Pago ni "nalipa", pagó ni "alilipa". Compro ni "nanunua", compró ni "alinunua". Llego "nafika", llegó "alifika". Mtu wa mapokezi akimwambia mhasibu Pago la habitación, ametangaza kwamba chumba analipia yeye. Na upande wa -é ni hivyohivyo: hablé ni "nilizungumza", hable ni ombi la heshima, "zungumza, tafadhali".

Mkazo huo ndipo Mswahili anapokwama kuliko mahali pengine popote. Kwetu mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na hauhami: alifika, walinunua, tulizungumza. Ulimi umezoea hivyo tangu utotoni. Sasa angalia maumbo sita ya hablar. A-BLAS-te, a-BLA-mos, a-BLAS-teis, a-BLA-ron: manne haya yanafuata kanuni yetu bila kuguswa, unayatamka kama ulivyozoea na yanatoka sawa. Mawili tu yanavunja, a-BLÉ na a-BLÓ, na hayo mawili ndiyo yenye alama. (H haitamkwi, kijitabu kimeandika "ablo", na hapo kimesema kweli.) Kwa hiyo kazi ni ndogo kuliko inavyotisha: umbo la "mimi" na umbo la "yeye", gonga silabi ya mwisho kama unagonga mlango. Mengine yaache yajiendee.

Kwenye kundi la -er na -ir kuna mtego mwingine, ambao kijitabu hakikuugusa. Comió mtu wetu anaisoma ko-mi-o, silabi tatu, mkazo kwenye mi. Hapo hakuna Mhispania atakayemwelewa vizuri. Ni silabi mbili: ko-MYO, na hiyo "myo" itoe palepale unapotoa "mya" ya kimya. Vivió ni bi-BYO, kwa sababu v yao ni b. Salió ni sa-LYO. Comieron nayo ni ko-MYE-ron, silabi tatu, si nne. Halafu zuia irabu ya ziada mwishoni. Ile desturi iliyotupa "benki" na "basi" inataka kutupa "hablaroni" pia. Fungia kwenye n, usubiri.

Turudi kwenye kalamu nyekundu. Kadi za vitenzi ni 42: vya -ar 22, vya -er 11, vya -ir 9. Kabla hujaweka alama, toa kadi tatu uzitupe au uzigeuze, kwa sababu zimeandikwa kana kwamba ni vitenzi vya kawaida na si vya kawaida. Andar imepewa "andé, andó". Sahihi ni anduve, anduvo (hata Wahispania wenyewe huteleza hapo, lakini kadi ya kufundishia haina ruhusa hiyo). Pedir imepewa "pedió" na dormir "dormió". Sahihi ni pidió na durmió, na kwa "wao" pidieron na durmieron. Aliyetengeneza amesahau kwamba vitenzi vya -ir vyenye shina linalogeuka katika wakati uliopo hugeuka tena hapa, kwenye mstari wa tatu na wa sita.

La kumsifu ni kwamba hakuchanganyikiwa kwa vile vya -ar na -er. Pensar, volver, perder na empezar hugeuka shina wakati uliopo, pienso, vuelvo, pierdo, empiezo, lakini hapa vimetulia: pensé, volví, perdí, empecé. Salir na conocer, ambavyo ni wakorofi kwenye wakati uliopo (salgo, conozco), hapa ni wapole, salí, conocí. Boksi limeviweka humo bila woga, na ni sahihi.

Zinabaki kadi 39. Thelathini na saba zinadai alama mbili kila moja, mstari wa kwanza na wa tatu. Ver haidai hata moja: vi, viste, vio, vimos, visteis, vieron. Neno la silabi moja halina haja ya kuonyeshwa mkazo uko wapi, ingawa vitabu vya zamani utakuta wameandika "vió". Leer ndiyo yenye tamaa: leí, leíste, leyó, leímos, leísteis, tano kati ya sita, na leyeron peke yake ndiyo isiyo nayo. Jumla alama 79. Nakili kutoka kwenye bango, si kutoka kichwani, na utumie kalamu ya wino mkavu. Ya majimaji inasambaa kwenye karatasi hii.

Kadi 18 zilizobaki ni za viishio: sita za -ar, sita za -er, sita za -ir. Hapo mnunuzi amepunjwa kidogo, maana sita za mwisho ni nakala ya sita za katikati. Na ubaya si karatasi tu. Mwanafunzi akiona safu tatu anaamini kuna mambo matatu ya kukariri. Toa zile sita za -ir, uandike "-er / -ir" kwenye zinazobaki, na migongo ya ulizotoa itumie kuandika kitu ambacho boksi limekiita "vitenzi vya kipekee" bila maelezo: llegar, pagar, buscar, tocar, empezar, almorzar.

Si vya kipekee hata kidogo. Masikioni ni vya kawaida kabisa. Kinachobadilika ni tahajia, tena kwenye umbo la "mimi" peke yake. G ya Kihispania mbele ya e inatamkwa kh, kama ya "kheri" kwa anayeitamka vizuri. Kwa hiyo ungeandika "pagé" ingesomeka "pakhe". Ili g ibaki g, wanaweka u isiyotamkwa: pagué, ambayo kwa tahajia yetu ni "page" tu. C mbele ya e nayo inalainika, kwa hiyo buscar inakuwa busqué, na qu ni k yetu ya kila siku. Z haipendi kukaa mbele ya e, inabadilishwa kuwa c: empecé, almorcé. Ukihama kwenye umbo la "mimi" kila kitu kinarudi: pagaste, pagó, buscó, empezó. Kosa la kawaida darasani ni mtu kuandika "pagué", akafurahi, akaendelea na "paguó". Hapana, mbele ya o hakuna hatari, u haina kazi.

Maana za Kiswahili zilizochapwa zinahitaji mkono pia. Hablé imefasiriwa "nimezungumza", comió "amekula". Hizo ni za -me-, na -me- ina makao yake mengine kwa Kihispania: he hablado, ha comido. Wakati tunaojifunza hapa ni wa -li-: nilizungumza, alikula, jana, mwaka juzi, 1905. Kweli mpaka wenyewe hauko sawa kila mahali. Mtu wa Madrid akielezea chai ya asubuhi hii atapendelea he desayunado, na wa Meksiko atasema desayuné bila wasiwasi. Lakini mwanafunzi aanze na -li-, asije akachanganya kabla hajashika. Na "alikuwa akizungumza" ni habari nyingine, hablaba, ambayo boksi halikuahidi kuifundisha.

Kitu kimoja kidogo kimekaa ukurasa wa 11 wa kijitabu, na kilistahili kuwa cha kwanza: ukanushi. Kwetu "alifika" ikikanushwa inageuka sura, "hakufika", mwanzo umebadilika na "li" imeondoka. Mwanafunzi wetu huja amejiandaa kwa shida hiyo, na shida haipo. Unaweka no mbele, umemaliza: no llegó, no comió, no pagaron.

Ukurasa unaofuata unataja kwamba hablamos na vivimos zinafanana na za wakati uliopo, na kwamba -er pekee ndiyo inayotofautisha, comemos na comimos. Inatosha. Weka ayer (jana) au anoche (jana usiku) kwenye sentensi na utata umeisha.

Wanunuzi wa Mtwara wana jambo lao ambalo mtengenezaji hakulifikiria. Wapo wengi huku wenye Kireno kidogo, kwa ndugu na biashara za ng'ambo ya Ruvuma. Kireno kinasaidia na kinaponza. Kinasaidia kwenye comi na parti, ambazo Kihispania ni comí na partí, na kwenye falaste (ulizungumza) ambayo mkia wake ni uleule wa hablaste. Kinaponza kwenye "mimi" ya -ar na "yeye" ya makundi yote: falei, falou, comeu, partiu. Huyo utamsikia anasema "hablei" na "hablou", na kwenye "wao" anafungia kwa -aram badala ya -aron. Dawa yake ni kadi za -ó na -ió kuchanganywa peke yake, pakiti ndogo, mpaka "ou" iondoke mdomoni.

Sauti za WhatsApp ni dakika tatu hivi kila faili, na msomaji ni wa Amerika ya Kusini: empecé anaisoma "empese". Mgeni wa Madrid atasema "empethe", th ya thelathini, usishtuke. Faili ya saba ina jozi, pago na pagó, llego na llegó, zikifuatana kwa mwendo wa taratibu. Kwa faili hiyo pekee mtu anaweza kusamehe mengi. Isikilize kabla ya kugusa kadi, si baada, kwa sababu jicho likishazoea kadi zisizo na alama sikio nalo linaacha kutafuta. Zilizobaki zinasoma orodha za maneno bila sentensi, na faili ya tatu na ya tisa ni kitu kilekile.

Mpangilio wa kijitabu ni wa kuanza na "mimi" na kushuka hadi "wao". Kwa mwanafunzi wa shule sawa. Kwa mwongoza wageni ni kupoteza wiki. Historia haisimuliwi kwa "mimi". Inasimuliwa kwa "yeye" na "wao". Viishio vinne, -ó na -aron, -ió na -ieron, vinamtosha kuzungusha wageni magofu yote ya Kilwa. Ibn Battuta visitó Kilwa en 1331 (alitembelea). Los portugueses atacaron Kilwa en 1505 (Wareno waliishambulia). La guerra Maji Maji empezó en 1905 (vita vilianza). La Unesco inscribió las ruinas en 1981 (iliyaorodhesha magofu). Akiwa Mikindani: Livingstone salió de Mikindani en 1866 (aliondoka). Akiulizwa habari za mifupa ya dinosaria ya Lindi: Los alemanes excavaron en Tendaguru desde 1909 hasta 1913 (Wajerumani walichimba), na ukitaka kuongeza, el esqueleto viajó a Berlín (kiunzi cha mifupa kilisafiri). Vitenzi vyote hivyo ni vya kawaida katika wakati huu, hata salir. Kimoja kinakosekana kwenye boksi na kinahitajika mno, construir (kujenga), kwa ajili ya Boma la Mikindani la 1895: los alemanes construyeron la Boma. Kinaingiza y kwenye mstari wa tatu na wa sita kama leer, construyó, construyeron. Kiandike kwenye mgongo wa kadi ya andar uliyoitoa.

Miaka yenyewe utaitafuta kwingine, kwani namba za kijitabu zinaishia mia. Inasomwa kama yetu, kutoka elfu kushuka: mil quinientos cinco ni elfu moja mia tano na tano, bila "na". 1866 ni mil ochocientos sesenta y seis.

Mazoezi ya kadi kumi kwa siku yanatosha. Chota kadi tano za vitenzi na tano za viishio, uzichanganye kama karata, ukifunua jozi utamke umbo kwa sauti kabla ya kugeuza. Anayesoma kimya hapati faida, kwa kuwa kosa la mkazo halionekani kwa macho.

Karatasi ni nyepesi na hewa ya bahari inaikunja pembe ndani ya wiki chache. Kupiga lamineshi kadi zote ni gharama kuzidi boksi. Mfuko wa zipu unatosha, na bango lisibandikwe ukuta unaopata jua la mchana, wino mwekundu ndio wa kwanza kupauka. Kabla ya kulipa, omba kufungua boksi na utoe kadi ya llegar. Angalia mstari wa kwanza na wa tatu kwenye mwanga wa mlangoni. Alama zikionekana, hata kwa mbali, chukua hilo. Kama ni "llegue" na "llego" tupu, omba lingine. Kwa kawaida wana zaidi ya moja rafuni, na hayafanani.